Mami Si Mama

Mdogo wangu wa kiume hufunga nyaya za umeme majumbani huko Mwanza, na akitukumbuka hututumia vitu vyenye waya. Wenzake hutuma samaki. Yeye alianza na taa ya jua ya kubandika ukutani, ile inayowaka yenyewe ikihisi mtu anapita. Tuliifunga juu ya mlango wa uani, hapa nyumbani pembeni mwa Bariadi. Ikawa inamwakia kila bata. Mbwa wa jirani akikatiza, inawaka. Mimi nikitoka na beseni la vyombo, inasubiri nifike katikati ya uwanja ndipo ishtuke. Nilimwambia kwenye simu kwamba taa yake inawaheshimu bata kuliko mimi.

"Dada, ile inahisi mwendo. Labda unatembea polepole."

"Natembea kama mtu aliyebeba vyombo."

Baadaye akatuma sufuria ya umeme yenye vitufe, na kila kitufe kina picha yake: wali, maharage, nyama, supu, keki. Nilitafuta picha ya michembe sikuiona. Michembe ni viazi vitamu tunavyokata vipande vyembamba vikiwa vibichi, tukavianika hadi vikakauka kama vigae. Ndiyo akiba yetu ya miezi ambayo ghala ni jepesi. Nikabonyeza maharage, maana maharage nayo ni magumu. Sufuria ikafunga mdomo, ikahema, ikalia, na nilipofungua nikakuta uji wa kahawia. Tuliunywa na maziwa. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye ndiye niliyebaki naye nyumbani, alisema hajawahi kunywa michembe tangu azaliwe.

Sikuilaumu sufuria. Walioiunda hawakuwahi kukaribishwa michembe na mtu yeyote, sasa wangejuaje. Mpaka leo naitumia kwa maharage na inanipunguzia kuni.

Kitu cha tatu kilikuwa simu kubwa. Hiyo aliituma kwa yule wa mwisho alipomaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri masomo ya sayansi. Alitaka uuguzi. Alikuwa amelitaka hilo tangu akiwa mdogo, akifunga vitambaa vyangu vya cherehani kwenye miguu ya kuku. Chuo kilimkubali. Kilichobaki ni ada, na ada ya chuo haitoki kwenye cherehani ya barazani wala kwenye ekari mbili za pamba.

Niseme kidogo kuhusu sisi, kwa sababu yaliyotokea yanatokana na hapo. Mimi ndiye mkubwa. Baba alifariki mama akiwa na mimba ya miezi saba, na mama akamfuata wiki mbili baada ya kujifungua. Nilikuwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Hakuna aliyeniachisha shule. Ilikuwa tu kwamba asubuhi mtoto analia, kengele ya shule inagongwa, na mimi ni mmoja. Wiki ya kwanza nilisema nitarudi Jumatatu. Wiki ya pili nikasema hivyo hivyo. Halafu nikaacha kusema.

Aliyetushika mkono ni kaka wa mama. Kisukuma kaka wa mama anaitwa mami, na sijawahi kumwita jina jingine. Alikuwa anaishi Lalago, na bado anaishi huko. Wiki ya tatu baada ya mazishi tulimwona anaingia uani miguu ikiwa na vumbi mpaka magotini, mbele yake ng'ombe na ndama. Alikuwa ametembea nao siku tatu, analala kwa watu njiani, kwa sababu aliambiwa mtoto anakunywa uji mwepesi. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomlea mdogo wangu. Nilikuwa nayachemsha na kuyaongeza maji kama jirani alivyonielekeza, kisha nakoroga na kuonja kwenye kiganja. Mami alikaa nasi mwezi mzima mpaka nilipojua kukamua bila kupigwa teke, ndipo akarudi kwake. Kila mavuno alikuja na gunia. Yule wa mwisho alipochaguliwa kidato cha kwanza, ni mami aliyefunga sanduku lake kwenye baiskeli akampeleka kuripoti.

Sasa, kuna mfuko mmoja unaosomesha yatima. Mwalimu wa zamani wa mdogo wangu ndiye aliyetuambia. Fomu ilijazwa kwenye simu, na pamoja na vyeti na barua ya serikali ya mtaa walitaka barua ya mlezi, ieleze mtoto amelelewaje, nani alisaidia, hali ikoje. Chini waliandika: kwa maneno yake mwenyewe.

Maneno hayo manne yalinikalia vibaya. Naweza kuandika. Naandika vipimo vya wateja, shingo, kifua, kiuno, na majina yao, na sijawahi kukosea sare ya mtoto wa mtu. Lakini barua ya kusomwa na watu wa ofisini ni kitu kingine. Nilikata ukurasa wa daftari la vipimo nikaandika mistari mitano, nikaona mwandiko wangu umesimama palepale nilipouacha kidato cha kwanza, umeinama kama mtoto anayechungulia. Nikaukunja ukurasa nikaufanya kipande cha kukatia kola.

Yule wa mwisho aliniona.

"Dada, mbona unajitesa. Simu ina akili mnemba. Wewe ongea, yenyewe inaandika."

"Inaandika ninavyoongea?"

"Inaandika vizuri kuliko unavyoongea. Itatoa 'yaani' zako na 'basi' zako, itaweka nukta na koma."

"Yaani zangu zina kosa gani?"

"Umeona?" akasema, akacheka, akaiweka simu juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka maombi, mchana, na mvua ilikuwa inapiga bati. Umeme ulikatika tangu jana yake kwa upepo. Simu ilikuwa na chaji robo. Niliongea huku nikishona pindo, maana mikono yangu isipokuwa na kazi mdomo nao hukwama. Nilieleza yote: baba, mama, mtoto, ng'ombe, gunia, baiskeli. Niliongea Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokuwa kifupi niliongeza Kisukuma kama tunavyoongea nyumbani. Mami alifanya hivi, mami akaja, mami akasema. Nilipomaliza pindo nikamaliza na maneno.

Mdogo wangu akabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kutia uzi kwenye sindano. Akanisomea mwanzo: "Kwa heshima na unyenyekevu, naandika barua hii nikiwa mlezi wa wadogo zangu wawili, baada ya wazazi wetu wote kutangulia mbele ya haki."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Sijui nieleze vipi. Nilijiona kama yule mtu ambaye angekuwa mimi kama ile Jumatatu ningerudi shule.

"Endelea," nikasema.

"Dada, chaji. Imebaki asilimia nne. Ni ndefu, kurasa mbili, nzuri yote. Nitume?"

"Tuma."

Akatuma. Simu ikaandika kwamba barua imepokelewa, kisha ikazimika mkononi mwake. Tulifurahi kwamba tumewahi.

Zikapita siku kama kumi. Nilikuwa barazani nashona sare, mwanamke akanipigia kutoka kwenye ule mfuko. Sauti yake ilikuwa ya upole, Kiswahili chake cha pwani kabisa.

"Naomba unisaidie jambo, dada yangu. Mama yenu yupo wapi kwa sasa?"

"Mama alifariki."

"Alifariki lini?"

Nikamweleza. Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Maana barua ya serikali ya mtaa inasema hivyo. Lakini barua yako wewe, mama anafariki ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili anaswaga ng'ombe siku tatu kutoka Lalago. Halafu anampeleka binti shule kwa baiskeli. Na hapa mwisho unasema kila mavuno bado anawaletea chakula."

Nilisema hapana, si hivyo. Nilisema kuna makosa. Alisikiliza, lakini nilijua anavyosikiliza, kwa sababu mimi pia husikiliza hivyo mteja akiniambia kitambaa kilirudi kifupi kwa sababu kilifuliwa.

"Dada yangu, sikuhukumu. Lakini wapo wanaotuletea yatima wenye wazazi, na nafasi ni chache. Alhamisi tutakuwa hapo Bariadi kuwaona waombaji. Njoo na binti, na uje na maelezo. Barua mbili zinazopingana siwezi kuzipitisha. Itabidi nafasi apewe mwingine."

Mdogo wangu aliporudi kutoka kisimani nilimwambia achaji ile simu kubwa kwa jirani mwenye betri ya gari, maana umeme ulikuwa umekatika tena, kisha anisomee barua yote. Akasoma amesimama. Alipofika kwenye ng'ombe akakaa chini.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kutania. "Mama yetu alitembea kwa siku tatu akimswaga ng'ombe na ndama wake ili mtoto mchanga apate maziwa." "Mama alinifundisha kukamua." "Mama alilifunga sanduku kwenye baiskeli kwa mikono yake." Kila mahali niliposema mami, simu iliandika mama. Haikusita hata mara moja. Mgeni akisikia neno asilolijua hukunja uso, na wewe ukiona uso umekunjamana unamweleza. Simu haina uso. Nilimwangalia mdogo wangu anavyosoma na nikaona kuna kitu kinampata, kwa sababu yeye hakuwahi kumwona mama hata siku moja, na hapo alikuwa anasoma kwamba mama alimpeleka shule.

"Ni mimi," akasema. "Nilipaswa kusoma mpaka mwisho."

"Ni mvua," nikasema. "Na chaji. Na mimi nilisema tuma."

Hata hivyo alitaka kuirekebisha kwa njia ileile. Aliandika kwamba mami si mama, ni mjomba. Simu ikaomba radhi kwa adabu sana, ikasema imeelewa, ikaleta barua mpya. Safari hii tuliisoma yote. Ng'ombe aliswagwa na mjomba, vizuri. Sanduku lilifungwa na mjomba, vizuri. Halafu tukafika hapa: "Mjomba wetu alifariki wiki mbili baada ya kujifungua."

Tulitazamana. Mdogo wangu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mguu wa cherehani, na mimi nikacheka naye, ingawa Alhamisi ilikuwa kesho kutwa.

"Tumwambie tena?" akauliza.

"Hapana. Tukimwambia tena atamwozesha mami kwa baba."

Nilipiga simu Lalago. Mami ana simu ndogo ya vitufe anayoifunga kwenye mfuko wa nailoni, na huiwasha asubuhi na jioni tu ili isichoke. Nikampata jioni.

"Mami, unahitajika Bariadi Alhamisi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kuna mtu amefufuka."

Nikamweleza.

"Kwa hiyo wameniandika mwanamke," akasema.

"Wamekuandika mama."

"Haya. Nitakuja nimevaa suruali, waone."

Kesho yake nilifunga cherehani mapema, nikanunua karatasi mbili zenye mistari na kalamu mpya. Niliandika mwenyewe. Sikuandika kwa heshima na unyenyekevu, kwa sababu sijui kuishikilia sauti ile mpaka mwisho. Niliandika kama ninavyoeleza mteja nguo itakavyokuwa: kwanza hiki, halafu hiki. Nilipofika kwa mami niliandika: "Sisi Wasukuma kaka wa mama tunamwita mami. Kwenye barua ya kwanza simu iliandika mama badala ya mami. Mama yetu amekufa. Mami yetu ni mzima na nimekuja naye." Karatasi ya kwanza niliiharibu kwa machozi kidogo na chai nyingi, nikanakili upya kwenye ya pili. Mwandiko ulikuwa uleule wa kuchungulia. Nikauacha.

Alhamisi walikuwa kwenye ukumbi mmoja mjini, watu wengi na watoto wao kwenye mabenchi. Mami alikuwa amekuja na suruali kama alivyoahidi, kofia, na fimbo yake ya kuchungia. Zamu yetu ilipofika tuliingia mimi na yeye. Mdogo wangu aliambiwa asubiri nje. Yule mwanamke alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, ana miwani, na mbele yake barua yangu ya kwanza imechapwa, ina mistari mitatu ya kalamu nyekundu chini ya neno mama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mwangaluka ni salamu ya asubuhi; yeye akatabasamu tu.

"Haya, dada. Mama huyu anayeswaga ng'ombe nimweke wapi?"

Kabla sijafungua mdomo mami akainua fimbo kidogo.

"Ndiye mimi."

Mwanamke akamtazama, akanitazama mimi. Nikampa barua yangu. Aliisoma yote, polepole, akarudi kwenye mstari mmoja. Aliinuka, akafungua mlango, akamwita mdogo wangu aingie. Akamsimamisha pale mlangoni, akamwonyesha mami kwa kalamu.

"Binti, huyu mzee wewe unamwitaje?"

Mdogo wangu hakujua tumezungumza nini. Alidhani labda ni suala la heshima.

"Mami," akasema. "Shikamoo tena, mami."

"Marahaba. Njoo uone mama yako alivyozeeka."

Yule mwanamke akacheka, cheko la mtu aliyejizuia muda mrefu tangu asubuhi. Akavua miwani.

"Mzee, huko kwetu Tanga vijana wakimwita mwanamke mami, wanambembeleza."

"Basi huko kwenu sitafika."

Alipotulia akaigeukia barua yangu tena, akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko lile la mama.

"Dada, fomu ilisema kwa maneno yako mwenyewe. Kwa nini ulimpa simu?"

Nikamwambia ukweli. "Niliona ya kwangu hayatoshi. Niliishia kidato cha kwanza."

Hakunipa pole, na nilimshukuru kwa hilo. Alichukua kibanio akaibana barua yangu ya mkono kwenye faili la mdogo wangu, mbele kabisa, juu ya vyeti. Ile iliyochapwa akaisukuma kwangu juu ya meza.

"Hii nenda nayo. Hapa ikibaki, siku nyingine mtu mwingine atakuja kuniuliza maswali niliyokuuliza mimi." Kisha akasema wangetoa majibu baada ya wiki mbili, na kwamba hawezi kuahidi kitu, lakini barua sasa hazipingani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, si mbali. Mdogo wangu akaenda kuteka maji. Nilimpikia mami michembe juu ya mafiga, si kwenye sufuria ya vitufe, na kuchanganya karanga kama anavyopenda. Wakati inachemka aliomba nimsomee ile karatasi.

"Ipi?"

"Ile ya simu. Mimi nimesikia habari zake tu."

Nikamsomea. Nilidhani atacheka kila palipo na mama, na mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye ng'ombe aliacha. Alikuwa ameishika fimbo katikati ya magoti, anatazama pale zizi lilipokuwa zamani, ambapo sasa nimepanda mchicha.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Mama yetu alitembea kwa siku tatu akimswaga ng'ombe na ndama wake.

"Yule ng'ombe," akasema, "unajua alitoka wapi?"

"Si kwako Lalago?"

"Kwangu ndiyo. Lakini kabla ya kwangu?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza. Miaka kumi na nane, sikuwahi kuuliza.

"Baba yako alipomwoa dada yangu alileta ng'ombe wa mahari. Hao ndio niliooa nao mimi, kila mtu anajua, hivyo ndivyo inavyokwenda. Kaka anaoa kwa ng'ombe wa dada yake. Lakini mmoja sikumtoa. Alikuwa mtamba, ana doa jeupe hapa," akagusa paji la uso wake, "nikasema huyu abaki, awe wa kumkumbuka dada maana amekwenda mbali. Akazaa. Mtoto wake naye akazaa. Nilipopata habari kwamba mtoto wa dada yangu anakunywa uji, niliingia zizini, sikuchagua. Nilimtoa yule mwenye doa."

Nilimkumbuka. Alikuwa na doa kwenye paji. Nililiegemea doa lile kwa kichwa changu asubuhi nyingi nikiwa nasinzia na ndoo kati ya miguu.

"Kwa hiyo maziwa yalikuwa ya mama yako," mami akasema. "Mimi niliswaga tu. Mwambie huyo wa kwenye simu, mahali pengine pote amekosea. Hapo amebahatisha."

Michembe ikaiva. Mdogo wangu akarudi na ndoo, akatukuta kimya, akauliza nani amekufa, na mami akamwambia swali hilo ni lake yeye, asimwibie.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu siku ya kumi na sita, asubuhi, nikiwa naning'iniza sare kwenye kamba. Alipata. Niliusoma ujumbe mara tatu, kisha nikampa ausome yeye kwa sauti, mpaka mwisho, pamoja na namba na nukta. Kaka yake huko Mwanza alifurahi kiasi cha kuahidi kututumia jokofu. Nilimwomba atume samaki.

Ameshakwenda chuo sasa. Sanduku lilifungwa kwenye baiskeli ileile mpaka stendi, ingawa mami safari hii aliisukuma badala ya kuipanda. Mdogo wangu bado anaitumia ile akili ya simu kwa masomo yake, anasema inamweleza mifupa vizuri kuliko kitabu. Mimi ninachomwambia ni asome mpaka mwisho.

Ile barua iliyochapwa ninayo, ipo kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na vifungo. Siku moja mchana, hakuna wateja, nilichukua kalamu ileile niliyoandikia ya kwangu nikaisahihisha. Kila palipoandikwa mama nilikata nikaandika mami: kwenye gunia, kwenye kukamua, kwenye sanduku na baiskeli. Pale penye ng'ombe niliiweka kalamu juu ya neno, nikaiinua, nikapaacha kama palivyo.